Mtani Aliyeinama Matangani

"Aliyesimama haoni uso wa aliyeinama." Mmeisikia leo kwa mara ya kwanza, mkaiona tamu mdomoni, na tangu hapo mnarushiana tu bila kujua mnachorusha. Haya, tulieni. Mnataka kujua ilikotoka? Mimi niliipata kwa bibi yangu, naye aliipata kwa watu waliokuwapo siku yenyewe. Pukuchueni mahindi mikono isilale, na anayetaka kunikatiza aende kwanza akateke maji. Asili yake ni siku moja ya kuanua tanga, na mambo yalikuwa hivi.

Palikuwa na mtu akiitwa Kobelo, mkulima wa mpunga na fundi wa kusuka vitanda vya kamba, katika kijiji cha Kibogwani, upande wa huku wa mto Lukonde. Upande wa pili walikaa watani wao. Na utani wa siku zile, wanangu, haukuwa huu wenu wa kuchekana timu ikifungwa. Mtani alikuwa na kazi. Mkifiwa, yeye ndiye anayekuja kuwatoa kwenye huzuni kwa nguvu, mtake msitake. Ataingia kaburini alale, aseme hapa pamejaa, mtafuteni marehemu wenu pengine. Atavaa nguo za marehemu, aende jikoni kuuliza mbona chakula kimechelewa. Atamfunga mfiwa kamba mpaka akombolewe kwa kuku. Na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Ukinuna, au ukimwamini, umeshikwa, na kushikwa na mtani ni aibu ya kuzeeka nayo.

Kobelo alikuwa ameshashikwa. Siku ya kuanua tanga la baba yake, mtani mmoja mashuhuri aitwaye Mloka alijifanya amekabwa na mfupa wa nyama. Akatoa macho, akakoroma, akagaagaa chini. Kobelo akaruka na kata ya maji, akampiga mgongo, huku akilia, "Mloka, usife, ndugu yangu, usife!" Mloka akainuka taratibu, akajikung'uta vumbi, akasema, "Ahsante, lakini maji yenyewe ya moto." Mtume! Watu walicheka mpaka sufuria ya wali ikaungua. Tangu siku hiyo, ng'ambo ya mto Kobelo hakuitwa tena Kobelo. Aliitwa Mleta Maji. Watoto waliozaliwa baadaye walidhani ndilo jina alilopewa na mama yake.

Basi mtu huyo, Mungu alimjalia binti mmoja, Zawena, ambaye wakati wa habari hii alikuwa bado hajang'oa jino hata moja la utoto. Na Zawena alikuwa na mambo yake. Alipokuwa mdogo zaidi, mtoto wa jirani akijikwaa, Zawena ndiye aliyelia, tena kwa sauti, mpaka yule aliyejikwaa akaacha kulia akabaki kumshangaa. Mbuzi akichinjwa, alilia. Mkeka ukiungua, aliulilia mkeka. Watani walimwita Bi Matanga.

Mwaka ule, hata hivyo, kuna kitu kilibadilika. Aliacha kulia ovyo. Alipomwona mtu ana jambo, alimwendea, akachuchumaa mbele yake, akamwangalia usoni kwa muda, kisha akauliza, "Inauma wapi?" Akishajibiwa, hana dawa wala nini, anakaa hapohapo. Bibi yake, mama wa Kobelo, alipokuwa mgonjwa wa kufa, watu wazima waliingia wakauliza hali na kutoka. Zawena aliingia akauliza inauma wapi. Bibi akamwonyesha goti, na mtoto akaliwekea kiganja mpaka usingizi ukamchukua yeye mwenyewe.

Kobelo aliyaona hayo yote. Moyoni alijisikia fahari. Angeweza kusimama njia panda amwambie kila mpita njia, "Mmeona mtoto nilionao?" Lakini kila fahari ilipopanda, hofu ilipanda pamoja nayo. Mtoto wa namna hii, alijiambia, dunia itamla mbichi. Mimi niliamini mara moja tu, nikapewa jina. Huyu anayeamini kila siku atafanyweje?

Ndipo yule bibi, mama yake Kobelo, akafa. Na siku ya kuanua tanga ilipokaribia, Kobelo hakupata kutulia. Alikaa, akainuka. Alianza kusuka kamba, akaiacha. Alimwita Zawena nyuma ya nyumba akamfundisha, maana alijua watani wanakuja na wanajua pa kubonyeza.

"Wakifanya lolote, unafanya nini?"

"Nacheka."

"Wakinifunga kamba mimi baba yako?"

"Nacheka." Mdomo umeshaanza kupinda.

"Hebu cheka nione."

Mtoto akacheka, kicheko kikavu cha kutisha, na Kobelo akageuka upande kuficha uso wake. Alijiona anafanya jambo baya. Aliendelea nalo vilevile.

Siku yenyewe ilipambazuka na mawingu mazito juu ya vilima. Watu walitazama juu wakatikisa vichwa, kwa sababu mvua ikinyesha kule vilimani Lukonde hujaa, na ikishajaa hakuna kuvuka. Watani hawakuwa na wasiwasi huo. Wanaume wa ng'ambo walikuwa wameshavuka tangu jana yake, wakalala msibani, wakala, wakachokoza. Kule kwao walibaki wakongwe, wanawake na watoto. Mwanamume aliyekosekana alikuwa mmoja tu, naye ni Mloka.

"Huyo anapika jambo," watu walisema. "Mloka kuchelewa si bure. Subirini."

Na Kobelo alisubiri, ndiyo maana hakai. Anazunguka kutoka jikoni kwenda barazani, kutoka barazani kwenda kwenye kitanda cha marehemu kilichotolewa uani, kile ambacho kwa desturi watani wangekichukua mwisho wa shughuli. Anatazama mawingu. Anatazama njia ya mtoni. Zawena anamfuata nyuma akishika upindo wa kanzu.

Mloka akatokea kabla ya mchana. Alikuja mbio, amelowa mpaka kifuani, kiatu kimoja kimebaki mtoni. Kumwona tu, kicheko kikaanza. Akasimama katikati ya uwanja, anahema, akasema:

"Jamani, nipeni watu wanne na kitanda."

Weee! Uwanja ulilipuka. Watu wanne na kitanda, msibani! Nani mwingine angethubutu?

"Nani kafa tena?" mmoja akapaza sauti.

"Hajafa mtu. Mke wangu. Tangu alfajiri uchungu umemshika, mtoto hatoki. Wakunga wameshindwa. Nataka wa kumbeba kumpeleka hospitali ya upande huu kabla mto haujafunga."

Sasa mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Msijibu haraka. Siku ya maziko, Mloka huyuhuyu alisimama pale pale, akawaambia watu kwamba mimba ya mkewe ni ya tembo, na siku ya kujifungua wanaume wote wa Kibogwani watapangwa foleni kuibeba. Watu walishika mbavu. Kwa hiyo leo walichosikia ni mwendelezo.

"Mwambie mtoto atoke aje ale ubwabwa!" mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka jikoni.

"Tembo habebwi na watu wanne!"

"Jamani, leo si utani," Mloka akasema. "Wallahi, leo si utani."

Hapo ndipo walipokufa kabisa kwa kicheko, maana hayo ndiyo maneno ambayo kila mtani huyasema kabla ya kukufunga kamba. Akawageukia watu wa kwao wenyewe, mmoja mmoja, akiwataja kwa majina. Nao wakampigia makofi. Akaanza tena, sauti ikamkatika. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyofurahi. Mwishowe maneno yakamwishia. Akashika magoti yake kwa mikono miwili, akainama, kichwa chini kabisa, na mabega yakaanza kutikisika.

"Mwoneni! Mwenyewe kajichekesha!"

Watu wakamzunguka, wamesimama, wanapiga vigelegele. Waliona kisogo chake na mgongo wake uliolowa. Kobelo naye alikuwa mbele pale, anacheka kwa nguvu kuliko wote, cheko la mtu anayejilinda. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya watani, anatafuta kamba iko wapi.

Mara akahisi upindo wa kanzu umeachiwa. Zawena alikuwa ameshapita katikati ya miguu ya watu. Alikwenda akachuchumaa mbele ya Mloka, akainua uso wake mdogo ukawa chini ya uso wa yule mtu. Kelele zilikuwa nyingi, lakini Kobelo aliijua midomo ile, aliiona ikisema, "Inauma wapi?"

Na Mloka, ambaye hakuulizwa na mtu mwingine yeyote siku ile, akamjibu. "Nyumbani, mwanangu. Inauma nyumbani."

Mtoto akarudi kwa baba yake. Hakukimbia wala hakulia. "Baba, mjomba Mloka hachezi."

"Cheka, mwanangu," Kobelo akamnong'oneza. "Watu wanatuangalia. Cheka."

"Nitacheka akicheka."

"Anacheka, huoni mabega?"

"Mimi nimeona uso," Zawena akasema.

Wanangu, Kobelo alitoka jasho. Mbele yake, mtu anayemjua kwa ulaghai kuliko wote ng'ambo ya mto. Pembeni, watu wote wanaomwita Mleta Maji, na siku yenyewe ni ya mama yake mzazi. Akiamini tena leo, jina la pili litampata na wajukuu wake watalirithi. Alimtazama binti yake amrudi. Akakuta paji la uso wa mtoto limekunjamana, na mdomo umepinda kwa namna ambayo si ya mtoto, kauchukua uso wa yule mtu na kuja nao. Hapo Kobelo akasikia ndani yake kitu kinaachia. Huyu ndiye ninayemfundisha kucheka? Huyu ndiye ninayemwonea aibu?

Akaenda, akapiga magoti.

Mwenye msiba kumpigia magoti mtani! Uwanja ukazizima. "Kashikwa!" mtu akapiga ukelele. "Mleta Maji kashikwa tena!" Na kamba ikatokea kweli, mtani mmoja akaikunjua. Kobelo hakusikia. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka shavu karibu ligusane na vumbi, anatazama juu. Aliona mdomo wa chini umeng'atwa mpaka damu inatoka. Aliona machozi yanashuka puani na kudondoka, na macho ambayo hayakuwa na mzaha hata chembe.

"Mloka," akasema. "Ni kweli?"

Mloka alitikisa kichwa kukubali, basi.

Kobelo akaruka. Akaenda kwenye kitanda cha mama yake, akakipindua matandiko yote yakaanguka, akakiinua begani. "Watu watatu!" akapiga kelele. "Wa nne ni mimi! Upesi!"

Bado wapo waliocheka. Bi Mwamvita, shangazi yake Kobelo na mkubwa wa ukoo, mwanamke ambaye neno lake halikuwa na rufaa, akamshika mkono. "Kobelo, umeamini?"

"Nimeamini, Shangazi. Kama nimeshikwa, nimeshikwa. Nifungeni nikirudi."

Bi Mwamvita akamtazama machoni, kisha akawageukia vijana. "Mnangoja nini? Shikeni kitanda!"

Sitaki kuwachosha na njia. Walivuka maji ya kiunoni wakienda, na waliporudi na mgonjwa yalikuwa ya kifuani, kitanda wamekiweka vichwani, mwanamke wa watu anaguna juu yao, na miti iliyong'olewa inapita pembeni. Aliyeteleza alishikwa na mwenzake. Walipotia mguu ukingoni, mto ulinguruma nyuma yao na kivuko hakikuonekana tena. Kutoka hapo walikimbia tu, wanapokezana mabega, wafiwa na watani, na wale waliokuwa wamecheka zaidi ndio waliokataa kabisa kupokewa.

Hospitalini wauguzi walimchukua mgonjwa ndani, wanaume wakabaki nje kwenye mvua. Mloka aliketi ukutani. Kobelo ndio kwanza hawezi kukaa. Anakwenda huku, anarudi kule. Na katika hofu ile yote, hebu oneni binadamu alivyo, mdomo ulikuwa haufungi.

"Ni binti yangu," akamwambia mlinzi wa geti ambaye hakuuliza. "Ndiye aliyeona. Wa kwangu mimi. Mdogo hivi."

"Kaa chini, bwana," mlinzi akamwambia.

"Nikae vipi?"

Akamwendea Mloka. Mloka ndiye aliyeanza. "Kobelo." Si Mleta Maji, aliita Kobelo. "Nilisema kila neno la kweli ninalolijua. Niliapa. Nikaona mke wangu anakufa huku watu wanaonipenda wananipigia makofi. Nikasema basi, Mungu, umenilipa kwa mdomo wangu. Mara nikaona kauso kadogo chini yangu kananiuliza inauma wapi. Unajua nilihisi nini? Nilihisi kama nimetolewa kisimani."

Kobelo alishika ukuta, akalia mbele ya mtani wake kwa fahari, machozi waziwazi, wala hakuyafuta.

Muuguzi alitoka jioni. Mama mzima, amechoka sana. Mtoto wa kiume, naye mzima, mkubwa kweli. Mloka alicheka kwanza, kisha akalia, kisha hakuna aliyejua anafanya lipi.

Maji yalipopungua, watu wa pande mbili walikutana tena Kibogwani kumalizia tanga lililoachwa njiani. Na utani una sheria zake: mfiwa aliyempigia magoti mtani lazima ahukumiwe. Bi Mwamvita akaketi kitini, Kobelo akaitwa katikati. Zawena alikuwa amebebwa mgongoni na Mloka, na hakutaka kushuka.

"Kobelo," Bi Mwamvita akasema, "hukumu nimeiweka kando, kwa sababu nikikuhukumu wewe itabidi nianze kujihukumu mimi. Nami nilicheka. Nilisimama karibu kuliko wote, ningeweza kumgusa. Ninachouliza ni hiki kimoja. Pale tulikuwa wazee wenye mvi, wakunga, watu waliozika na kuzaa. Mtoto huyu alituzidi nini, hata akaona tusichokiona?"

Kobelo alimtazama binti yake. Mnadhani hakutaka kujisifu? Alitaka, jamani, alitaka sana. Sifa zote zilikuwa pale, kilichobaki ni kuzichukua. Lakini alikumbuka alivyokuwa amesimama mwenyewe, anacheka, anatafuta kamba.

"Hakutuzidi kitu, Shangazi," akasema. "Sisi ndio tuliomzidi, kwa kimo. Yeye alikuwa chini, na sisi tulikuwa tumesimama. Aliyesimama haoni uso wa aliyeinama."